Ndoo ya urea inapoa, ATP imepakia mishikaki: majibu ya barua zenu

Toleo lililopita niliandika mstari mmoja tu, kwamba mwili unachoma chakula kama jiko linavyochoma mkaa ila bila moto, nikadhani nimemaliza. Kumbe nimechokoza nyuki. Meseji zimekuja kutoka kila kona, nyingine za wanafunzi, nyingine za watu wazima wanaotaka kunikamata uongo. Nimechagua sita, zilizobaki zisubiri, na wale wanaouliza mitihani itatoka nini mi sijui jamani, situngi mimi.

Ticha salama? Mi nalima mahindi huku Mbozi. Kila nikikoroga urea kwenye dumu la maji ili nipige kwa bomba, dumu linakuwa la baridi utadhani limetoka friji. Jamaa wa duka la jirani ananiambia mbolea niliyonunua kwa mwenzake ni feki ndo maana. Kweli?

Salama kaka. Huyo jamaa anatafuta mteja. Urea ya kweli ndo inavyofanya, ikiyeyuka kwenye maji inakula joto, na joto inalokula inalitoa kwenye maji yenyewe na kwenye plastiki ya dumu na kwenye mkono wako ulioshika dumu, ndo maana unasikia baridi. Hebu tupige hesabu ya haraka. Moli moja ya urea (moli ni kipimo cha wanakemia cha kuhesabia molekuli) ni gramu 60, na ikiyeyuka inameza kama kilojuli 15 hivi. Kilo moja ina moli karibu 17, kwa hiyo inameza kilojuli 250. Ukiimwaga kwenye lita 5 za maji halijoto inashuka nyuzi kumi na kitu, ukiimwaga kwenye lita 20 inashuka nyuzi 3 tu na pengine hata usingegundua. Ila usije ukaifanya baridi kuwa cheti, maana ziko chumvi nyingine nazo zinapoza maji, ukitaka kujua mbolea ni halali angalia mfuko na ulikonunua.

Swali lenyewe hukuliuliza ila nalijibu hivohivo kwa sababu ndo ufunguo wa barua zote zinazofuata. Kama kuyeyuka kunakula joto, mbona kunatokea kwenyewe bila mtu kulazimisha? Tumezoea kwamba kitu kinachotokea chenyewe kinatoa joto, mfano chokaa mbichi, ile inayotoka kwenye tanuru la mawe ya matumbawe kule pwani, ukiimwagia maji inachemka yenyewe mpaka inatoa mvuke. Sasa urea inafanya kinyume na bado inayeyuka vizuri tu. Sababu ni kwamba joto sio hakimu pekee. Kuna hakimu wa pili anaitwa entropi, ambaye anahesabu vitu vimetawanyika kiasi gani. Ndani ya punje ya urea molekuli zimepangwa mstari kama wanafunzi paredi, zikiingia kwenye maji zinatawanyika kila moja na njia yake, na kutawanyika huko kuna uzito kuliko lile joto lililoliwa. Mmarekani mmoja Josiah Willard Gibbs, miaka ya 1870, ndo aliwaweka mahakimu wote wawili kwenye hesabu moja: chukua joto la mmenyuko, toa halijoto mara mabadiliko ya entropi. Jibu likiwa hasi, jambo linaweza kwenda lenyewe. Likiwa chanya, haliendi mpaka lisukumwe. Hiyo ndo inaitwa nishati huru, na nikisema kutelemka na kupanda huko chini nakuwa nazungumzia hiyo, sio joto.

Halafu urea yenyewe ina historia tamu. Mwaka 1828 Mjerumani Friedrich Wöhler aliitengeneza maabara kutoka chumvi isiyo na uhai, wakati watu wengi waliamini vitu vya mwilini vinahitaji nguvu ya uhai ndo vitengenezeke. Ini lako nalo linaitengeneza kila siku ili uikojoe, ila halipati bure, kila molekuli moja inaligharimu fosfeti nne za ATP, ile molekuli inayobeba nishati ndani ya seli. Ambayo ndo barua inayofuata.

Shikamoo mwalimu. Niko form five Iringa, PCB. Mwalimu wa bailojia ametuambia nishati imehifadhiwa kwenye bondi ya fosfeti ya ATP, bondi ikivunjika nishati inatoka. Mwalimu wa kemia katuambia kuvunja bondi yoyote kunatumia nishati. Darasa limegawanyika nusu kwa nusu na kuna watu hawasalimiani. Nani muongo?

Marahaba mwanangu. Mwalimu wa kemia yuko sahihi, na wa bailojia usimwite muongo kwa sababu hata mimi nilifundisha hivohivo miaka mingi tu, nachora ATP ubaoni, nachora mkasi, nakata, nachora na nyota kuonyesha mlipuko. Siku moja binti mmoja wa mbele akaniuliza, sir, kama bondi ikivunjika inatoa nishati, kwa nini bondi zote za dunia zisivunjike sasa hivi? Nikamwambia tutaliangalia kesho. Kesho yake nikafundisha mada nyingine.

Ukweli uko hivi. Bondi ni kama watu wawili walioshikana, kuwaachanisha lazima utoe nguvu, hakuna bondi inayokulipa kwa kuivunja. Kwenye ATP na maji kuna bondi zinavunjika, ndio, na zinakula nishati, lakini kuna bondi mpya zinaundwa, na ADP, yaani ATP iliyopungukiwa fosfeti moja, na fosfeti iliyotoka wanakaa vizuri zaidi kuliko ATP ilivyokuwa inakaa. Fikiria bodaboda iliyopakia mishikaki. Fosfeti tatu kwenye siti moja, zote zina chaji hasi, zote zinasukumana, hakuna anayekaa sawa. Mmoja akishuka, aliyeshuka ananyoosha miguu, waliobaki wanapumua, na maji yanawazunguka wote vizuri kuliko mwanzo. Nafuu yote hiyo ukiijumlisha, ukatoa gharama ya kuvunja, inabaki kilojuli 30.5 kwa kila moli katika hali sanifu. Kwa hiyo nishati haiko kwenye bondi moja kama pesa kwenye bahasha, iko kwenye tofauti kati ya mwanzo na mwisho wa safari yote.

Kosa hili lina mzazi, tena mzazi wa heshima. Mwaka 1941 Fritz Lipmann alianza kuchora alama ya kimawimbi kwenye ATP na kuiita bondi ya fosfeti yenye nishati kubwa, yeye alijua anamaanisha nini na alipewa Nobel mwaka 1953 pamoja na Hans Krebs kwa kazi zao tofauti, lakini sisi tuliokuja nyuma tukaishika ile alama tukadhani kuna kitu kimefungiwa mle ndani.

Sasa sikiliza hii ambayo hata vitabu vingi vya shule vinaipita mbio. Zile 30.5 ni za maabara, ambako kila kitu kimewekwa kwa kipimo sawa. Ndani ya seli hai ni kama 50. Kwa nini iongezeke? Kwa sababu seli inahakikisha ATP ni nyingi kuliko ADP muda wote, usiku na mchana, yaani inashikilia mzani usilale. Ukiiacha ATP na maji mpaka mambo yatulie yenyewe, karibu yote inaishia kuwa ADP, na pakishatulia hivo hata ungekuwa na ndoo nzima ya huo mchanganyiko haukufanyii kazi hata ya kukunja kidole. Ndo maana akiba ya ATP mwilini kwa wakati mmoja ni ndogo, ni gramu makumi tu, lakini kwa siku inavunjwa na kuundwa upya mpaka jumla inakaribia uzito wako mwenyewe. Seli iliyotulia kabisa kikemia ni maiti.

Na kazi inafanyikaje? Chukua hatua ya kwanza baada ya glukosi kuingia kwenye seli, lazima ibandikwe fosfeti. Kuibandika kwenyewe ni kupanda mlima, inahitaji kilojuli 13.8. ATP kutelemka inatoa 30.5. Ukizifunga pamoja zinabaki 16.7 za kutelemka, basi safari inaenda. Ni kama kamba ya kisima yenye ndoo mbili na roda juu, nzito ikishuka nyepesi inapanda. Lakini angalia neno kuzifunga, hapa ndo wengi mnateleza kwenye mtihani. ATP haiendi kuvunjikia pembeni halafu joto lake ndo lisukume glukosi, hapana, ikifanya hivo inapasha maji moto tu na glukosi inabaki inashangaa. Kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha mmenyuko, kinaitwa heksokinesi, kinazishika zote mbili kwenye kiganja kimoja, fosfeti inapokelewa mkono kwa mkono, haigusi chini. Bila hiyo kamba ndoo mbili ni ndoo mbili tu.

Kwa hiyo salimianeni. Na mwalimu wenu wa bailojia mpelekeeni kwa adabu, msimwambie gazeti limesema umekosea, mwambieni tunaomba ufafanuzi.

Mwalimu, sheria ya pili ya themodinamiki si inasema kila kitu kinaelekea kwenye vurugu? Sasa mtoto anakua tumboni, jicho, moyo, vidole, vyote vimepangika. Au hiyo sheria haiwahusu viumbe hai? – Msomaji wa Kongowea, Mombasa

Inawahusu, ndugu yangu, ila inahesabu na nje. Mtoto anajipanga ndani, halafu yeye na mama yake wanamwaga joto, pumzi na uchafu nje, na vurugu wanayoimwaga nje ni kubwa kuliko mpangilio wanaoupata ndani. Mtu mzima aliyekaa tu anatoa joto kama wati 100, sawa na ile balbu ya zamani. Panda matatu iliyojaa watu 30 wakati wa mvua, madirisha yamefungwa, hapo kuna kilowati 3, ni sawa na pasi tatu zimewashwa pale katikati ya siti, halafu mtu anauliza kwa nini mle ndani kuna joto.

Hata huko kuchoma bila moto nilikoandika sikubuni mimi. Antoine Lavoisier na Pierre-Simon Laplace kule Paris, majira ya baridi ya 1782 kwenda 1783, walimweka simbilisi kwenye chombo kilichozungushiwa barafu, wakapima barafu iliyoyeyuka, wakalinganisha na hewa ukaa aliyotoa mnyama, halafu wakalinganisha na mkaa ukiungua. Hesabu zikakaribiana. Lavoisier akasema kupumua ni kuungua, taratibu. Mwaka 1794 akakatwa kichwa kwenye mapinduzi, ila sio kwa ajili ya simbilisi, ni mambo ya kodi.

Mimi nina bucha Morogoro. Mbuzi akichinjwa nyama mwanzo inakuwa laini inatetemeka, baada ya masaa inakakamaa kama ubao, kesho yake inalegea tena. Na mbuzi aliyewatoroka vijana wakamkimbiza sana nyama yake inakuwa nyeusi na haikai. Wateja wanasema tumeiweka dawa.

Kaka barua yako nimeipenda kuliko zote, wewe unaiona themodinamiki kila asubuhi kwenye ndoano.

Watu wengi wanadhani ATP inahitajika ili msuli ukaze. Inahitajika, lakini inahitajika pia ili msuli uachie. Ndani ya msuli kuna nyuzi zinazoshikana kama mikono inayovuta kamba, kila mkono ukishavuta unahitaji ATP mpya ije ikae ndo uachie ushike mbele. Mbuzi akishachinjwa oksijeni haiji tena, msuli unajikongoja na akiba yake ya glikojeni, yaani sukari iliyowekwa stoo, kwa njia ya bila oksijeni, unatengeneza asidi laktiki, ATP inapungua inapungua mpaka inaisha, na mikono yote iliyokuwa imeshika inabaki imeshika. Huo ndo ubao wako. Nguvu ya kushika haijaongezeka hata kidogo, imekosekana nauli ya kuachia. Na ile kulegea kesho yake sio kwamba mikono imeachia, ni vimeng'enya vya nyama yenyewe vinakatakata protini zinazoshikilia nyuzi, ndo maana nyama iliyolala ni laini mdomoni.

Mbuzi aliyekimbizwa ametumia glikojeni yake yote porini huko. Akichinjwa hana cha kutengenezea asidi. Nyama ya kawaida inashuka kutoka pH 7 mpaka karibu 5.6 (pH ikishuka asidi imezidi), hii ya kwake inabaki juu, inashika maji kwa ndani, inakuwa nyeusi na kavu ukiigusa, na bakteria wanaipenda kwa sababu asidi ya kuwazuia haipo. Dawa hakuna. Waambie vijana mnyama akifika apumzike, apewe maji, afungwe kivulini mpaka kesho yake, wasimshushe kwenye gari wakakimbilia kisu.

Eti kunywa maji ya barafu kunapunguza mwili kwa sababu mwili unatumia kalori kuyapasha? Na hayo mafuta yakipungua yanaenda wapi, jasho? – Mama wa watoto wawili, Tabata

Mama, fizikia yake ni ya kweli, hesabu ndo inaua. Nusu lita ya maji ya nyuzi 4 kuyafikisha nyuzi 37 inataka kalori kama 16, hizi za chakula. Kijiko kimoja cha chai cha sukari kina gramu 4 hivi, nacho ni kalori 16. Kwa hiyo ukinywa nusu lita ya maji ya barafu ukashushia na chai ya kijiko kimoja mmetoka suluhu, na nawajua watu wa Tabata, nani anaweka kijiko kimoja?

Mafuta kwenda wapi, wengi hata waliosoma wanakosea. Ruben Meerman na Andrew Brown wa Australia walipiga hesabu yake mwaka 2014 kwenye jarida la BMJ: mafuta kilo 10 yakichomwa yote mwilini, kilo 8.4 zinatoka kama kaboni dayoksaidi, yaani kwa pumzi, na kilo 1.6 zinakuwa maji. Ila usije ukakaa unahema haraka haraka ukidhani unapungua, utapata kizunguzungu tu. Pumzi ni bomba la moshi, jiko ni misuli, jiko lisipowaka bomba linatoa nini.

Assalam aleikum mwalimu. Niko Maskati kikazi. Mwenzangu ameagiza mtandaoni unga wa njano kwenye vidonge unaitwa DNP, anasema unachoma mafuta hata ukilala na ni sayansi kabisa. Nami nataka, ila nimeogopa kidogo nikasema niulize.

Waaleikum salaam dada. Usimeze. Na mwenzako mwambie leo hiihii aache, barua yako ingefika mapema ningekupigia badala ya kukuandikia.

Kwamba ni sayansi, ni kweli, na ndo ubaya wake. Kwenye mitokondria, viwanda vidogo vya nishati ndani ya seli, chakula kinatumika kusukuma protoni, chembe zenye chaji chanya, upande mmoja wa ukuta, zinajaa kama maji nyuma ya bwawa la Kidatu, halafu zinarudi kupitia mtambo mmoja tu unaozunguka na kutengeneza ATP. Mwingereza Peter Mitchell alilitoa wazo la hilo bwawa la protoni mwaka 1961, wengi hawakumwamini, 1978 akapewa Nobel. DNP inachofanya ni kutoboa ukuta. Inabeba protoni inazivusha kienyeji bila kupita mtambo, maji yanamwagika, mitambo imesimama, umeme hakuna, na nishati yote iliyokuwa iwe ATP inatoka kama joto. Mwili ukiona ATP imepungua unachoma zaidi, na kadiri unavyochoma ndo unavyozidi kupata moto. Mafuta yanapungua kweli. Na halijoto ya mwili nayo inapanda, na hakuna dawa ya kuitengua, hospitali wanachoweza ni kukupoza kwa barafu na maji na kuomba Mungu.

Sio jambo jipya hili. Vita Vikuu vya Kwanza wafanyakazi wa viwanda vya silaha Ufaransa walikuwa wanaishika DNP, wakakonda, wengine wakafa. Miaka ya 1930 Marekani ikauzwa kama dawa ya kupunguza mwili, watu wakapofuka kwa mtoto wa jicho, wakafa, na mwaka 1938 ikapigwa marufuku kwa matumizi ya binadamu. Sasa imerudi kwa mlango wa nyuma wa mtandaoni. Na wewe uko Maskati, Julai huko nje inapita nyuzi 40, jasho tu ndo kiyoyozi chako, unataka kuongeza jiko ndani?

Mwenzako akianza kutoka jasho lisilo la kawaida, moyo unakimbia, homa, anahangaika hatulii, asisubiri asubuhi, apelekwe hospitali na kile kikopo cha vidonge kipelekwe naye. Asione aibu kusema amekunywa nini.

Nafasi imeisha ila kuna mtoto wa darasa la sita kutoka Kitui, ameandika kwa simu ya mamake, anauliza kama mwili unachoma sukari, mbona sukari ya kwenye kopo haiungui yenyewe. Mwanangu, inataka kuungua, mteremko upo, tena mrefu, kilojuli kama 2,870 kwa kila moli ya glukosi, ila mlangoni kuna tuta na ikiwa peke yake haiwezi kuliruka. Vimeng'enya havibadilishi mteremko, vinapunguza tuta tu. Mwambie mama akae hapo ajaribu na wewe: chukueni donge la sukari nyeupe, lile la mraba la dukani, mlishike kwa koleo, mliwashie kibiriti, litayeyuka na kuchuruzika tu. Chukueni lingine, mlipake chembe ya majivu ya jikoni, mwashe tena palepale penye majivu. Niandikie umeona nini.